Mwachie

Mwimbaji alikuwa amelala chali nyuma ya magodoro, mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Damu ilimtoka kisogoni ikaloweka zulia. Stendi ya maikrofoni ilikuwa imeanguka kando yake, na kitako chake cha chuma kilikuwa na nywele nyeupe mbili tatu zilizogandia.

"Yu hai," alisema mhudumu wa gari la wagonjwa. "Mapigo yapo, ila ya kivivu. Na haamki."

Inspekta alirudi nyuma kuwapisha wabeba machela. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye jino la mbele lililomeguka pembe. Aliamini kwamba eneo la tukio halina sababu ya kudanganya, kwa hiyo alianza nalo kabla ya watu.

Ilikuwa studio ya kurekodi nyimbo. Kuta zilivikwa mazulia mazito na madirisha yalizibwa. Feni za darini zilikuwa zimezimwa tangu asubuhi, kwa sababu mvumo wake huingia kwenye maikrofoni. Joto lilikuwa la kumtoa mtu jasho hadi kwenye kope. Kwaya nzima ilisimama upande mmoja. Kwenye kona, magodoro yalisimamishwa yakafanya kijichumba, na humo waliimba watu watatu tu ili sauti zao zisichanganyike na za wengine.

Watatu hao walikuwa wa nyumba moja. Wa kwanza ni huyo aliyechukuliwa na machela, mzee ambaye kwaya nzima ilimwita Besi kwa sauti yake nzito. Wa pili ni mkewe. Wa tatu ni mume wa binti yao, fundi wa majokofu, jitu la mabega mapana ambalo sasa lilikuwa limekaa sakafuni na kujiinamia.

Mke wa Besi hakungoja kuulizwa.

"Huyu hapa," alisema, akimnyooshea kidole mkwewe. "Huyu ndiye aliyemwangusha mume wangu. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Inspekta alimgeukia fundi. "Umesikia unachotuhumiwa?"

"Nimesikia, afande."

"Unasemaje?"

"Mama hasemi uongo. Nilimwangusha."

Koplo, aliyekuwa kijana wa kupenda mambo ya haraka, alishatoa pingu.

Mwalimu wa kwaya alitoa maelezo yake huku akijifuta shingo kwa leso. Yeye na kwaya yake walikuwa mbele ya magodoro, hawakuona kitu. Walisikia.

"Mlisikia nini?"

"Sauti ya fundi. Alisema 'achie', mara mbili. Kisha kishindo."

"Mkaendelea kuimba?"

"Afande, kwangu wimbo haukatwi. Anayekosea anakosea, anayekohoa anakohoa, wimbo unaendelea. Tunasafisha baadaye. Ndiyo sheria niliyowafundisha." Aliikunja leso. "Leo sheria hiyo imenichoma."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Wiki iliyopita, mazoezini. Besi ndiye kiongozi wa beti zote, tangu enzi hizo mimi bado mwanafunzi. Fundi akamwambia mbele za watu, 'Mzee, waachie wengine, wewe ukae.' Mzee alivimba. Akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake."

"Kwa hiyo leo alisema 'niachie'."

"Nini kingine? Kwetu mtu akitaka ubeti wa mwenzake ndivyo anavyosema. Niachie."

Koplo aliandika neno hilo akalipigia mstari.

Kituoni, chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na saa ya ukutani iliyokuwa imesimama siku nyingi bila mtu kujali. Fundi alikaa wima kama yuko kwa daktari wa meno.

"Ulisimama wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kulia kwa mzee."

"Mama mkwe wako?"

"Kushoto."

"Ulimsukuma?"

"Nilimvuta. Akaanguka."

"Kwa nini?"

Fundi alivilaza viganja vyake vipana mezani, akavitazama.

"Ulitaka kuongoza beti?"

"Sijawahi kutaka. Sauti yangu inatosha kuitikia tu."

"Basi kwa nini?"

"Afande, andika kwamba nilimwangusha. Inatosha."

Nje ya mlango, koplo alisugua viganja. "Kesi imeiva. Amekiri."

"Amekiri kitendo na kuficha sababu," alisema Inspekta. "Watu tunaowakamata hufanya kinyume. Hukana kitendo, halafu sababu zikawatoka kama maji."

Kwenye benchi la mapokezi alikaa binti wa Besi, mke wa fundi, na mabakuli mawili ya chakula mapajani, yamefungwa kwa vitambaa. Moja la hospitalini, jingine la mahabusu. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini makavu.

"Afande, niambie nianze na lipi," alisema. "Baba akifa, mume wangu ni muuaji. Baba akipona, hatakubali hata kumwona. Na mama ameniambia nichague upande leo leo."

Inspekta alilipokea bakuli la mahabusu kwa mikono miwili. "Hili nitalifikisha mimi. Wewe nenda kwa baba. Na usichague chochote mpaka nirudi."

Hospitalini, Besi alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, nyaya kifuani, kichwa kimefungwa bandeji. Alipumua mwenyewe. Daktari wa mishipa ya fahamu, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimfunulia Inspekta shuka.

"Tazama hapa, kwapani."

Kwapa la kushoto na mkono wa juu vilikuwa na michubuko minne iliyopangana, na wa tano peke yake upande wa pili. Vidole vinne na gumba. Vidole vidogo.

"Na kulia?"

"Kulia hakuna hata mkwaruzo."

Inspekta alikumbuka viganja vya fundi. Kimoja kingefunika michubuko yote hiyo na nafasi ikabaki. Alipiga picha, akaweka kipimo pembeni, akapiga nyingine.

"Na kisogo?"

"Ngozi imepasuka, tumeshona. Picha ya ubongo ni safi, hakuna damu iliyovujia ndani. Unajua, mgonjwa wangu hakuzimia kwa sababu aligonga kichwa. Aligonga kichwa kwa sababu alikuwa ameshazimia."

"Nieleze kama unamweleza mtoto wa darasa la nne."

Daktari alicheka, akainuka, akajitumia mwenyewe kuwa mfano.

"Mtu akisimama, damu inashuka. Inataka kukaa miguuni. Hapa shingoni kuna vihisio, kazi yao ni kusikiliza mkandamizo wa damu kwenye mishipa mchana na usiku. Wakisikia umeshuka..."

"Vihisio ni watu?"

"Kwa leo ni watu. Wakisikia umeshuka, wanapeleka habari chini ya ubongo. Ubongo unatuma amri kwa njia ya neva, mishipa ya damu ibane, moyo uongeze mwendo. Damu inapanda tena. Sisi tunasimama kwenye foleni, tunalalamikia bei ya nyanya, hatujui kazi inayofanywa kwa ajili yetu."

"Na leo?"

"Leo ana umri huo, anakunywa dawa za kushusha shinikizo la damu, kasimama kwenye tanuri tangu asubuhi. Mkewe amemwambia muuguzi kwamba hakunywa hata maji, asije akaomba kwenda msalani katikati ya wimbo. Mwili ulipigana. Amri inatoka, mishipa inabana, shinikizo linapanda. Linashuka tena, amri kali zaidi inatoka. Kupanda na kushuka, kama mawimbi. Halafu ghafla amri inakatika. Mishipa inalegea, moyo unapunguza mwendo badala ya kuuongeza. Kichwa kinakosa damu. Mtu anaanguka."

"Na akishaanguka?"

"Hapo ndipo penye rehema yenyewe." Daktari alilaza mkono wake juu ya meza. "Akilala, damu haina tena mlima wa kupanda. Inarudi kichwani yenyewe. Wengi huamka mara moja, wakaona haya, wakaomba viatu vyao. Kuanguka ndiyo tiba, afande. Anayezimia mlaze, mwinue miguu. Ukimshikilia wima unamnyima dawa yake."

Inspekta aliitazama tena ile michubuko ya vidole vidogo.

"Huyu alishikiliwa wima?"

"Ameuma ulimi pembeni. Hiyo ni mitukutiko, mwili kurukaruka kwa sababu ubongo umekosa damu kwa muda. Mtu alimshika, na alimshika kwa nguvu zake zote. Halafu mwingine akamlaza, kwa bahati yake njema. Vibaya, lakini akamlaza. Angechelewa zaidi, sisi wawili tungekuwa tunazungumzia habari nyingine."

"Ataamka?"

"Amesogeza vidole nilipomwita. Nina matumaini mengi kuliko asubuhi."

Studio ilikuwa tupu Inspekta na koplo waliporudi. Feni sasa zilizunguka, zimechelewa. Fundi mitambo wa studio aliwaketisha mbele ya spika.

"Kila maikrofoni ina mkondo wake," alieleza. "Mwalimu alisikia kutoka nje ya magodoro, kwaya ikiimba. Nikinyamazisha wengine wote, nawapa ile ya kijichumba peke yake."

"Tupe."

Sauti ya Besi ilitoka, nzito, ya kutetemesha meza. Alikuwa ameshika noti ndefu mwishoni mwa ubeti. Ikavimba. Ikafifia hadi karibu kupotea. Ikavimba tena, ikafifia tena. Daktari asingeapa mahakamani kwamba yale ndiyo mawimbi aliyoyasema, na Inspekta asingemwomba aape. Lakini aliyahesabu kwa kidole juu ya meza.

Kisha sauti ikakatika.

Kwaya ilisikika kwa mbali ikianza ubeti mwingine. Karibu na maikrofoni kulisikika pumzi za mwanamke, fupi, nzito, za mtu anayeinua gunia, na katikati ya pumzi hizo bado alikuwa akijaribu kuitikia wimbo. Viatu vikakwaruza sakafu. Ubeti ulikuwa unaelekea mwisho pale sauti ya mwanamume iliposema, chini kwa chini:

"Mwachie."

Pumzi. Mkwaruzo.

"Mwachie."

Halafu kishindo.

"Hiyo hapo," alisema koplo. "Ugomvi wa ubeti."

"Rudisha," Inspekta alimwambia fundi mitambo. Walisikiliza tena. "Koplo, ukikitaka kiti changu utaniambiaje?"

"Siwezi kukitaka, afande."

"Jifanye una ujasiri."

"Ningesema... niachie."

"Na ukiniona nimemkaba mtu, ukataka nimwondolee mikono?"

Koplo alifungua mdomo. "Mwachie," alisema polepole, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. Aliivuta karatasi yake, akalitazama lile neno alilolipigia mstari, akalifuta.

"Hakuwa akizungumza na mzee," alisema Inspekta. "Mzee hakuwa na masikio ya kusikia tena. Alikuwa akizungumza na aliyekuwa upande wa kushoto."

Alimkuta fundi mahabusu, bakuli tupu miguuni. Alikaa naye kwenye ukingo wa saruji, mlango wazi.

"Nimeusikia mkanda," alisema. "Ulisema 'mwachie'. Ulimwambia mama mkwe wako."

Mabega yale mapana yalishuka.

"Ulijuaje kwamba inafaa alale?"

"Sikujua, afande. Nilikuwa mtoto wa kuanguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni. Kila nilipoanguka niliamka. Siku moja mwalimu wa zamu akanishika kwapani nisimharibie mstari. Nilizama, nikawa naona giza tupu. Aliponichoka akanitupa chini, nikaamka. Basi. Nilipomwona mzee amelegea vile na macho yamegeuka, nilikumbuka. Nikamwambia mama mara mbili. Hakusikia. Nikamvuta mzee kwa shati, kwa nguvu, ile stendi sikuiona."

"Na yale maneno ya mazoezini?"

"Nilimwona akipepesuka. Nilitaka apewe kiti, nikakosa maneno."

"Mbona hukusema haya asubuhi?"

"Ningesema nini? Kwamba mama mkwe wangu alikuwa anamuua mume wake kwa mikono yake?" Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alimtazama Inspekta machoni. "Afande, nakuomba usimwambie. Mimi mkinifunga, siku moja nitatoka. Yeye akilijua hili, atatokaje?"

Inspekta alikuwa amesikia maombi mengi katika chumba kile. Watu huomba simu, sigara, wakili, huruma. Hakuwahi kuombwa amwache mtu ndani ili mwingine alale usingizi. Alinyanyuka, akaliokota lile bakuli tupu. Kumtoa huyu ilikuwa lazima. Lakini ufunguo wa kumtoa ulikuwa moyoni mwa mama wa watu.

Mke wa Besi alikuja kituoni alasiri, amejifunga mtandio kichwani, tayari kutia saini maelezo yake. Inspekta alimtaka koplo alete maji, kisha atoke.

"Mama, kabla ya saini, naomba mkono wako wa kulia."

Aliiweka ile picha mezani, imechapwa kwa ukubwa wake halisi. Mama alinyoosha mkono bila kuelewa. Inspekta aliushika kwa upole, akaulaza juu ya picha. Kila kidole kilikuta alama yake.

Mama aliutazama mkono wake muda mrefu. Hakuutoa.

"Uliniambia mkweo alimwangusha," alisema Inspekta. "Hukuniambia alimwangusha kutoka wapi."

"Kutoka mikononi mwangu."

"Nieleze."

"Ana kizunguzungu tangu miezi iliyopita. Akisimama muda mrefu anatokwa jasho baridi, anapiga miayo, masikio yanavuma. Alinikataza kusema. Alijua mwalimu akisikia atamnyang'anya beti, na beti ndizo zimebaki kuwa zake. Kazini wamemstaafisha, macho yanamtupa. Leo asubuhi, mlangoni, aliniambia, 'Mke wangu, nikilegea nishike. Usiniache nianguke mbele za watu.' Nikamwahidi."

"Ukamshika."

"Nilimshika, afande. Nilidhani atazinduka, akamalizia. Alianza kutukutika nikasema anajikaza asimame, nikamkaza na mimi. Huyu kijana akawa ananiambia nimwachie. Nimwachie mume wangu? Nilimwona adui. Akamnyang'anya mikononi mwangu akamtupa chini kama mzigo, damu ikatoka." Kisha aliuliza lile swali ambalo Inspekta alilikimbia mchana kutwa. "Daktari aliniuliza kama kuna mtu alimshika wima. Nikasema hapana. Kwa nini aliniuliza?"

Inspekta angeweza kuzunguka. Aliyaona macho yale akaona kwamba yameshalifikia jibu.

"Kwa sababu anayezimia huponywa na kulala. Damu inarudi kichwani. Akishikwa wima hairudi."

Mama aliuvuta mkono wake kutoka kwenye picha, akaushika kwa mkono wa pili.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ulitimiza ulichoombwa na mtu unayempenda. Hakuna aliyewahi kukufundisha vingine. Mimi mwenyewe nimefundishwa leo."

"Na mkwe wangu alijua?"

"Alijua."

"Na akakaa ndani kimya?"

"Aliniomba nisikuambie. Alisema yeye akifungwa atatoka siku moja, lakini wewe hutatoka."

Hapo mama alilia. Alilia bila kujificha, mtandio mdomoni, na Inspekta alikaa naye mpaka akamaliza. Alipomaliza aliyasukuma kando maelezo ya asubuhi.

"Haya siyatii saini. Niandikie mapya. Andika kwamba nilimshika kwa ahadi, na nikanyamaza kwa aibu ya ugonjwa wake, na nikamsingizia mtoto wangu aliyemwokoa. Andika hivyo hivyo. Halafu nifungulie huo mlango nikamtoe mwenyewe."

Wakati karatasi za kumwachia fundi zikikamilishwa, Inspekta aliingia ofisini kwake akapiga simu kwa mkuu wa kituo kimoja cha mbali, mwanamke waliyefuzu naye upolisi.

"Unakumbuka paredi ya kumaliza mafunzo?"

"Uliyoanguka kifudifudi ukavunja jino? Nani asahau?"

"Ulikuwa kando yangu. Hukunidaka."

"Tuliamriwa tusimdake mtu. Umeninunia tangu hapo, harusi yangu ulikaa meza ya mwisho."

"Najua. Nimekupigia kukushukuru."

"Umelewa?"

"Nimeelimika. Asante kwa kuniacha nianguke. Jino ni dogo." Kicheko kilichofuata kilimlazimu aisogeze simu mbali na sikio, na yeye mwenyewe akajikuta anacheka hadi machozi.

Jioni ile daktari alimwita. Besi alikuwa amefumbua macho na kuomba maji, na aliyanywa yote.

Inspekta alisimama dirishani. Binti alikuwa miguuni pa kitanda. Fundi alibaki mlangoni, kichwa chini, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Mama mkwe ndiye aliyemfuata, akamshika mkono waziwazi mbele ya wote, akamvutia kiti.

"Kaa hapa, mwanangu. Kaa karibu naye."

Besi alimtazama mkwewe. Maneno yalimtoka polepole. "Mara ya mwisho nilisikia sauti zenu zinakwenda mbali. Nani aliniangusha?"

"Nilikushika kama ulivyoniomba," alisema mkewe. "Nusura nikupoteze. Huyu akakutoa mikononi mwangu akakuangusha. Ndiyo maana upo."

Mzee aligeuza kichwa juu ya mto. "Ni wewe?"

"Ni mimi, baba. Nisamehe kisogo."

"Kisogo." Besi alicheka kwa pua, ikamuuma, akanyamaza. "Asante, baba. Nilikufukuza nyumbani kwa sababu ulinionea huruma. Asante."

Aliyafumba macho. Wakadhani amelala, kumbe alikuwa akitafuta noti. Alianza ule ubeti wa asubuhi, kwa sauti ndogo isiyotetemesha kitu, na katikati ya mstari pumzi ikamwishia. Mkewe, ameketi upande wa pili wa kitanda, alisogea mbele, mikono tayari. Kisha akairudisha mapajani.

Besi aligusa mkono wa mkwewe.

"Nakuachia," alisema.

Fundi aliupokea ubeti pale ulipokatikia, akauimba mpaka mwisho, akiwa amekaa.